Uzi maalumu wa Saturn: gari la Kimarekani lililopendwa na wenye nalo, na kiwanda kikafungwa hivyohivyo

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Humu jukwaani nyuzi za Toyota ni nyingi kuliko magari yenyewe, za Subaru zipo, za Mjerumani zipo. Leo naomba mnivumilie niandike kuhusu gari ambalo wengi wenu hamjawahi kuliona hata kwa picha. Linaitwa Saturn. Nimeliendesha miaka 11 hapa Columbus, Ohio, na tangu niliachie naona kama nina deni la kulisemea.

Nilifika huku 2008. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ghala nje ya mji, zamu ya usiku. Tunatoka saa 11 alfajiri, basi la kwanza linapita saa 12 na nusu. Kwa mtu aliyekulia Tanga, kusimama kituoni saa moja na nusu kwenye theluji ni jambo ambalo mwili haulizoei. Nikadunduliza. Machi 2010 nikampata mzee mmoja mstaafu anauza Saturn SL1 ya mwaka 2001, kijani iliyoiva, gia za mkono, imetembea maili 118,000. Bei dola 1,400. Nikaanza kupatana naye kama nilivyolelewa. Akapunguza mia moja, kisha akaniambia: "Nililinunua jipya bila kupatana na mtu. Wewe ndiye wa kwanza kulipatana bei."

Siku ile sikumwelewa. Nilimwelewa wiki mbili baadaye nilipofungua kabati la dashibodi kutafuta kitabu cha gari. Ndani mlikuwa na bahasha ya kaki yenye risiti zote za oili tangu 2001, zimepangwa kwa tarehe, na chini kabisa picha. Mzee na mkewe wamesimama mbele ya gari hilihili, liking'aa, nyuma yao wafanyakazi wa yadi wanapiga makofi. Ndivyo Saturn walivyokuwa wakikabidhi gari: wafanyakazi wanaacha walichokuwa wanafanya, wanakusanyika, wanakushangilia, unapigwa picha, ndipo unapewa ufunguo. Nikawasha gari nikamrudishia picha yake. Mkewe alikuwa ameshafariki. Aliishika kwa mikono miwili, akakaa nayo kibarazani muda mrefu bila kusema neno, nami nikakaa naye.

Tangu siku hiyo nikaanza kuisoma historia ya kampuni hii.

Ilikuwa hivi. Mafuta yalipopanda miaka ya 1970, Wamarekani wakageukia magari madogo ya Kijapani, na General Motors (GM), kampuni ya magari iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani, ikajikuta haina gari dogo la kushindana nayo. Ndani ya GM ukaanza mradi wa siri kidogo, na Januari 1985 mwenyekiti Roger Smith akautangaza kuwa kampuni kamili inayojitegemea. Jina lilitokana na roketi za Saturn zilizowapeleka Wamarekani mwezini wakati wa mashindano yao na Wasovieti. Safari hii wa kushindana nao walikuwa Wajapani.

Kiwanda kikajengwa Spring Hill, Tennessee, kusini mwa Nashville, mji mdogo wa wakulima na farasi. Wafanyakazi walihama na familia zao kutoka viwanda vya GM vya majimbo mengine. Na hapa ndipo mimi huwa napata hamasa kila nikisimulia: mkataba wao na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, ulikuwa kijitabu cha kurasa 28 tu, wakati mkataba wa kawaida wa GM ulikuwa mzigo wa vitabu. Wafanyakazi waligawanywa vikundi vidogo, kila kikundi kinachagua wenzake wapya, kinapanga bajeti yake, kinaamua nani afanye kazi gani. Mameneja walikula kantini moja na mafundi. Sehemu ya mshahara ilifungwa kwenye mafunzo na malengo, kwa hiyo kiwanda kikifanya vizuri wote wanapata, kikivurunda wote wanaumia.

Gari la kwanza lilitoka Julai 30, 1990. Roger Smith mwenyewe alilitoa nje akiliendesha, na kando yake amekaa Owen Bieber, rais wa UAW. Mkuu wa kampuni na mkuu wa chama cha wafanyakazi ndani ya gari moja. Anayejua ugomvi wa pande hizo mbili Marekani ataelewa uzito wa picha hiyo.

Sasa gari lenyewe. Chini lilikuwa fremu ya chuma. Boneti, paa na mlango wa buti ni chuma pia. Lakini milango, mapanda (vifuniko vya juu ya magurudumu) na mabampa ni plastiki ngumu iliyofungwa juu ya fremu. Ukibonyeza mlango kwa kidole gumba unaingia ndani kidogo, ukiachia unarudi. Mwanangu wa kwanza aliusukumia toroli la dukani akiwa na miaka mitano. Tulisikia mlio, tukakimbia kuangalia, hapakuwa na hata alama. Kwa Ohio hilo ni jambo kubwa, maana majira ya baridi barabara zinamwagwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi inakula milango ya chuma mpaka unaona kiti kwa nje. Saturn yangu ilipofika miaka 20 milango yake bado ilikuwa na rangi yake ya kiwandani. Plastiki hiyo hutanuka juani, ndiyo maana nafasi kati ya mlango na panda ni pana. Waliolicheka kwa mianya ile hawakujua sababu yake.

Injini ni ya silinda nne, lita 1.9, ya aluminiamu, na badala ya taimingi belti ina cheni. SL1 yangu ilikuwa na nguvu farasi 100, SL2 yenye kemushafti mbili ina 124. Kwenye barabara kuu nilikuwa napata kama maili 38 kwa galoni, yaani kilomita 16 kwa lita moja. Kwa mshahara wa ghala, hesabu hiyo ndiyo iliyonilipia ada ya chuo cha usiku.

Naomba nipumue, nitaendelea na jinsi ilivyokufa.

#2 (mchangiaji, Mwanza)

Mkuu uzi umeshiba. Nimekwama kwenye hilo la kutopatana bei. Sisi bila kupatana hatununui hata nyanya. Mteja alikuwa anafaidika nini?

#3 (mwanzisha uzi)

Swali zuri. Marekani kila kitu kina bei yake ubaoni isipokuwa gari. Yadi za magari huku zina sifa mbaya tangu zamani: unaingia, muuzaji anakwambia "ngoja nikamuulize bosi", anazunguka nyuma, anarudi na bei nyingine, saa nne zinapita. Anayeumia ni asiyejua mchezo: mwanamke aliyekwenda peke yake, kijana, mgeni ambaye Kiingereza chake bado kizito. Mimi nimewahi kukalishwa hivyo kwenye yadi moja, siitaji, nikatoka bila gari na kichwa kinauma.

Saturn walisema bei ni hii, kwa wote. Muuzaji hakulipwa kwa kukubana. Kupatana kwetu sokoni ni mazungumzo ya watu wanaofahamiana, muuza nyanya kesho unamhitaji naye anakuhitaji. Kupatana kwa yadi za huku ni mtego. Kwa hiyo hata mimi niliyelelewa kwenye kupatana naliona lile la Saturn lilikuwa heshima.

Na hawakuishia kwenye bei. Mwaka 1991 waligundua magari yaliyojazwa maji ya redieta yenye kasoro kutoka kwa msambazaji, maji yanayoweza kula injini. Yalikuwa zaidi ya 1,800. Kampuni nyingine ingesafisha injini na kukupa barua. Saturn waliwapa wateja magari mengine mapya. Gari zima kwa gari zima. Mwaka uliofuata, kwenye orodha ya kuridhika kwa wateja ya J.D. Power, kampuni ya Marekani inayopima maoni ya wanunuzi, Saturn ilishika nafasi ya tatu nyuma ya Lexus na Infiniti, magari ya bei mara mbili au tatu yake.

Kiangazi cha 1994 wakawaalika wenye magari waje kiwandani Spring Hill. Wakaja watu kama 44,000, wengine wameendesha siku kadhaa, na watoto na mahema, kuja kuwaona waliowaundia gari. Niambieni ni kampuni gani nyingine ya magari madogo ya bei nafuu iliyowahi kupata hilo.

#4 (mchangiaji, Nairobi)

Ndugu, sasa kama watu walipenda hivyo, ilikufaje? Hapa ndipo mimi sielewi Wamarekani.

#5 (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu wa Nairobi, hapo ndipo penye uchungu. Nitasema ninavyoamini baada ya kusoma sana: Saturn ilikufa kwa njaa, na ndugu zake ndio walioshika chungu.

Kumbuka GM ilikuwa na Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile, Buick na Cadillac. Wote hao waliona mabilioni ya dola yanakwenda Tennessee kwa mtoto wa mwisho, wakanung'unika. Viongozi wa UAW nao, baada ya Bieber, hawakuupenda ule mkataba mfupi. Mwaka 1994 Saturn iliuza zaidi ya magari 280,000, mwaka wake bora kuliko yote. Hapo ndipo ilipohitaji magari mapya. Mteja wa 1991 aliyenunua akiwa hajaoa, sasa ana watoto wawili, anataka gari kubwa kidogo, na anataka Saturn. Anakwenda yadini anakuta SL ileile. Anawaaga kwa huzuni, ananunua Honda au Toyota.

Gari kubwa kuliko SL, liitwalo L, lilikuja 1999, na halikuwa limebuniwa Spring Hill. Lilikuwa Opel ya Ujerumani iliyobadilishwa, likiundwa Delaware na wafanyakazi wasio chini ya mkataba ule. Vue, gari lao la kwanza la aina ya SUV, ilifuata kama mwaka wa modeli 2002, miaka mingi baada ya RAV4 ya Toyota. Mwaka 2002 S, yaani ukoo wa SL1 na SL2, ilikoma, nafasi yake ikachukuliwa na Ion. Mwaka 2003 wafanyakazi wa Spring Hill wenyewe wakapiga kura kuuacha mkataba wao na kurudi kwenye ule wa kitaifa. Sikuwalaumu niliposoma hilo. Kikundi hakiwezi kupanga hatima yake wakati gari la kuunda linaamuliwa Detroit, makao makuu ya GM.

Kinachouma zaidi ni kwamba mwisho walipewa magari mazuri, wakati mgonjwa ameshazimia. Aura ilichaguliwa gari la mwaka la Amerika Kaskazini 2007. Sky, gari dogo la wazi la watu wawili, mpaka leo watu wanalitafuta. Kisha ukaja msukosuko wa fedha wa 2008, na Juni 1, 2009 GM ikafilisika. Siku chache baadaye Roger Penske, mfanyabiashara wa magari na mwenye timu ya mbio, akakubali kuinunua Saturn. Yadi zikafurahi. GM ingemuundia magari kwa muda tu, baada ya hapo alihitaji kiwanda kingine, na mazungumzo yake na Renault yakavunjika. Septemba 30, 2009 Penske akajitoa, na jioni hiyohiyo GM ikatangaza kuwa inaifunga Saturn. Yadi za mwisho zilimaliza mikataba Oktoba 2010.

Mimi nilinunua langu Machi 2010. Nilinunua gari ambalo kampuni yake ilikuwa imeshalala kitandani mwa mauti, na sikujua.

#6 (mchangiaji, Houston)

Mkuu umenikumbusha Vue yangu ya 2005. Wenzangu wengi hawajui kwamba Vue za V6 za 2004 hadi 2007 zilitumia injini ya Honda, lita 3.5. GM ilinunua injini kwa Honda. Nilipofungua boneti mara ya kwanza na fundi wangu wa Kikongo, alicheka akaniambia "Kaka, umenunua Honda kwa bei ya Saturn." Nimekwenda nayo Houston mpaka Dallas na kurudi mara zisizohesabika, familia nzima na mizigo ya harusi. Naibadilishia oili ya gia boksi kwa wakati, basi. Ningeipata nyingine safi ningenunua leo.

#7 (mchangiaji, Dar es Salaam, fundi)

Mimi ni fundi, gereji yangu Temeke. Swali langu ni la kazi: injini hiyo ya 1.9 ina ugonjwa gani? Na je, kuna uwezekano wa kuipata huku?

#8 (mwanzisha uzi)

Fundi, ahsante, hili ndilo nililolisubiri.

Mkuu wa Houston yuko sawa kuhusu V6 ya Honda. Ila anayetaka Vue ya silinda nne ya miaka ya mwanzo achunguze gia boksi. Zile zenye gia boksi ya mkanda, wenyewe wanaiita CVT, za 2002 hadi 2005, zilisumbua mpaka GM ikaongeza muda wa dhamana. Na anayenunua Ion ya 2003 hadi 2007 ahakikishe swichi ya ufunguo imeshabadilishwa kwenye ule mwito mkubwa wa 2014, GM ilipoita magari yarudishwe kutengenezwa. Swichi zile ziliweza kujizima gari likiwa mwendoni na kuzima mifuko ya hewa pamoja nalo. Watu walikufa, kwenye Ion, Chevrolet Cobalt na mengine. Hili halina mzaha. Unaingiza namba ya chesesi kwenye tovuti ya serikali ya usalama barabarani ya Marekani, inakujibu hapohapo.

Tukirudi kwenye S na injini yake. Jambo linalojulikana na kila mwenye nalo ni oili. Ringi za oili za pistoni huziba kwa masizi na injini inaanza kunywa oili polepole, haivuji chini wala haitoi moshi wa kukushtua. Asiyepima anaua injini. Mzee aliyeniuzia alikuwa anapima kila Jumapili, nikairithi desturi yake. Unaegesha tambarare, unasubiri dakika kumi oili ishuke, unavuta stiki, unafuta kwa karatasi nyeupe, unaichomeka, unavuta tena. Mimi niliweka chupa moja ya oili kwenye buti kama vile watu wanavyoweka maji. Kwa miaka 11 injini ile haikufunguliwa.

La pili ni sensa ya joto la maji, na hili ndilo ningependa ulishike, fundi. Sensa za kiwandani zilikuwa na ncha ya plastiki. Ikizeeka inapasuka, maji yanaingia ndani, kompyuta ya gari inadhani injini iko baridi wakati imeshapata moto, au kinyume chake. Gari linagoma kuwaka asubuhi, linakula wese, feni inafanya kazi hovyo, na kwa zenye gia otomatiki hata gia zinaingia kwa kishindo. Majira ya baridi ya 2013 langu lilianza kunuka petroli na kuwaka kwa shida. Nikalipeleka gereji moja huku, sitaitaja. Wakaniandikia nozeli zote nne na pampu ya mafuta, dola 900. Nikawashukuru nikaondoka. Rafiki mmoja Mkenya akaniambia toa kwanza sensa. Nikaichomoa kwa spana, ncha yake ina ufa mwembamba kama unywele, na kwenye soketi mna ukijani wa kutu ya shaba. Nikanunua yenye ncha ya shaba kwa chini ya dola 20, nikasafisha soketi, nikafunga. Kesho yake liliwaka kwa ufunguo mmoja. Mpaka leo mtu akinipigia kuhusu Saturn inayosumbua kuwaka, swali langu la kwanza ni hilo.

La tatu utalipenda: gia boksi otomatiki ya S ina filta ya nje, unaizungusha kwa mkono kama filta ya oili ya injini. Hufungui sampu, lile bakuli la oili la chini. Waliolibuni walimfikiria fundi.

Kuhusu kulipata huku, kuna jambo wengi hawalijui. Kuanzia 1997 Saturn iliuzwa Japani, usukani wa kulia, kwa miaka michache. Kwa hiyo S za usukani wa kulia ziliwahi kuwepo. Lakini zilikuwa chache sana, na hata ukibahatika kuikuta, umri wake Kenya haipiti kabisa kwa sheria ya miaka minane, na Tanzania ushuru wa uchakavu utakuumiza. Spea nazo utaagiza Marekani. Fundi, ningekudanganya nikikwambia ulete.

#9 (mchangiaji, Mwanza)

Mkuu la kwako liliishia wapi?

#10 (mwanzisha uzi)

Milango ilibaki mizima mpaka siku ya mwisho, ila chumvi ilipita chini. Oktoba 2021 fundi alininyanyulia gari akanionyesha kwa tochi: bomba za breki zimekula, na fremu ndogo inayobeba injini ukiigusa kwa bisibisi inaingia. Lilikuwa na maili 241,000. Nilikuwa na watoto watatu, sikutaka kubahatisha breki. Nikaliuza skrepa kwa dola 350.

Kabla ya lori la kuvuta kufika, nilitoa vitu vyangu: chupa ya oili, kamba, koleo la theluji, na ile bahasha ya kaki. Risiti za mzee zilikuwa za miaka tisa, zangu za miaka kumi na moja, zote kwa tarehe. Bahasha ninayo nyumbani. Mwanangu yule wa toroli sasa ana leseni ya kujifunzia, na gari letu la sasa nimemwambia Jumapili ni kazi yake kuvuta stiki.

Mwenye S, Vue au Aura inayotembea bado, popote alipo, aandike hapa chini maili zake na mwaka. Fundi wa Temeke, namba ya spea ya hiyo sensa nitakuwekea nikitoka zamu.